Kairoprakta wa Dar, hivi ndo unavyopata wagonjwa wapya bila kuuza uongo

Hii naiandikia madokta wa mgongo, wale waliosomea kairopraktiki kabisa (tiba ya mgongo na maungio kwa mikono), wamefungua klinik Dar au wapo mbioni kufungua. Kitanda kizuri kimetoka nje, vyeti vipo ukutani, AC inapuliza, alafu dada wa mapokezi anashinda anaangalia TikTok kwa sababu hakuna mtu anaeingia. Mimi sio dokta, kazi yangu ni kusaidia klinik ndogondogo upande wa wateja, simu na matangazo, kwa hiyo shingo za watu nakuachia mwenyewe. Nitakupa hatua kwa mpangilio ambao ningeufuata mimi, na nikwambie mapema kabisa Instagram haipo hatua ya kwanza wala ya pili.

HATUA YA 1: Jiite kwa lugha ya anaeumwa

Mtu wa Mbagala akibanwa na kiuno hajui kama kuna kitu kinaitwa kairopraktiki. Anajua njia zake: duka la dawa achukue diklofenaki na dawa ya kuchua, ikigoma hospitali apige eksirei, ikigoma tena kuna mzee fulani anakanda vizuri sana yupo Mkuranga huko, na kati hapo kuna jirani anamwambia ni figo hizo kunywa maji. We haupo kwenye hiyo orodha kabisa. Sasa ukiweka bango limeandikwa Kingereza kitupu "Chiropractic & Wellness" mtu anapita na daladala anadhani pale wanauza vipodozi.

Bango liandikwe anachokisema yeye: MAUMIVU YA MGONGO, KIUNO NA SHINGO. Chini yake kwa maandishi ya kawaida ndo uweke jina la klinik na neno kairopraktiki kwa wanaolijua, maana wapo pia, watu waliokaa nje, wazungu wa Masaki, wachezaji. Na hata mtandaoni ni hivyo hivyo, watu wanaandika "daktari wa mgongo Dar", "kiuno kinauma nikiinama", "mguu unakufa ganzi dawa yake nini", hakuna anaeandika taaluma yako.

Alafu tunga maelezo mafupi ambayo wewe, dada wa mapokezi na mlinzi wa getini mtayasema sawasawa. Mfano: "Ni mtaalamu wa mgongo na maungio, anatibu kwa mikono na mazoezi, hatoi dawa na hapasui." Basi. Hayo yanatosha. Mtu atauliza "ahaa kwa hiyo masaji?" na hapo lazima jibu liwepo tayari, kwa sababu masaji Dar hii tunajua jina lilivyochafuliwa, kuna mama mzima hatokanyaga kwako akihisi ni zile za taa nyekundu. Jibu: hapana mama, kwanza unapimwa, unaulizwa historia yako, ikibainika tatizo ni la kutibika hapa ndo unatibiwa, na kama sio la hapa unaandikiwa barua uende hospitali.

Kama umesomea Durban University of Technology au University of Johannesburg, au Marekani, au Uingereza, sema waziwazi umesomea wapi na miaka mingapi. Watanzania tunaheshimu shule, na pia mjini wamejaa watu waliojifunzia YouTube wanashika shingo za watu, utofauti wako na wao lazima uonekane. Leseni na vibali viwe mahali mtu anaviona bila kuomba.

HATUA YA 2: Anza na jengo lako

Kairopraktiki yenyewe ilianzia ndani ya jengo. Davenport, jimbo la Iowa kule Marekani, Septemba 1895, D.D. Palmer alivyoanza hii kazi mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Harvey Lillard, mfanya usafi wa jengo lilelile lenye ofisi yake. Hakutoka hata nje. (Inasimuliwa Lillard alikuwa kiziwi na akaanza kusikia, hiyo stori iache hukohuko 1895, usije ukaiweka kwenye tangazo, nitaeleza mbele kwa nini.)

Kwa hiyo wiki ya kwanza zunguka. Mlinzi anaesimama masaa kumi na mbili, fundi cherehani wa kona, mama lishe anaeinua masufuria, kijana wa benki ya chini, wale wa bodaboda kwenye kijiwe. Usiende na vipeperushi kama mgombea udiwani, nenda nunua chai, jitambulishe, sikiliza. Mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda ukimsaidia kiuno chake vizuri umemaliza, yule anaongea na watu siku nzima na kila abiria anaelalamika mgongo atamleta mlangoni mwenyewe na nauli atakula.

Sehemu ambayo madokta wengi wanaidharau ni duka la dawa. Fikiria nani anamuona mgonjwa wa mgongo kabla ya mtu yeyote? Ni yule dada wa duka la dawa. Anamjua mzee anaekuja kila wiki kuchukua diklofenaki ileile mwezi wa sita huu, na moyoni anajua kabisa zile dawa zitamuharibu tumbo na figo ila hana pa kumpeleka. Nenda kaongee nae, muachie kadi, na muachie karatasi moja yenye dalili za hatari za mgongo (zipo hatua ya 5) ili na yeye apate kitu cha maana cha kumwambia mteja. Usimpe kamisheni kwa kila kichwa. Najua wengine wanatoa. Ukishaanza kulipia vichwa utaletewa hata mwenye malaria, na siku ikijulikana mgonjwa anajiona aliuzwa.

HATUA YA 3: Simu na WhatsApp, hapa ndo hela inapopotelea

Nakaa sana kwenye hii kwa sababu ndo naiona kila klinik. Mtu ameshaumwa, ameshakutafuta, ameshapata namba, kapiga. Haijapokelewa. Au imepokelewa na mtu anatafuna. Au kaandika WhatsApp saa mbili usiku kajibiwa kesho yake saa tano asubuhi "karibu sana mpendwa, tupo Mikocheni, njoo upate huduma". Huyo mpendwa keshaenda kwa mzee wa Mkuranga.

Na hii ya "bei njoo inbox" iache kwa wauza nguo. Mgonjwa wa Dar akiuliza bei hakutukani, anapanga. Anataka kujua aje na kiasi gani, na kama ni kubwa achange na nani nyumbani. Ukimficha bei anaelewa vitu viwili, ni ghali sana au utampima kwa macho umpangie kutokana na viatu vyake. Sema bei. Ona mfano wa mazungumzo yanavyotakiwa kwenda, bei hapa nimeweka za mfano tu:

Mgonjwa: Habari, nasumbuliwa na kiuno, ni bei gani kutibiwa?

Mapokezi: Salama, pole sana. Naitwa Rehema wa mapokezi. Siku ya kwanza ni elfu 60, hapo ndani kuna mazungumzo na dokta, vipimo vya mikono, na matibabu kama inafaa kutibiwa siku hiyo. Siku zinazofuata ni elfu 40. Hakuna kingine cha kulipia bila kuambiwa kwanza. Naomba nikuulize, kiuno kimeanza lini na je maumivu yanashuka mguuni?

Mgonjwa: wiki mbili, yanashuka mguu wa kushoto

Mapokezi: Pole. Je kuna shida yoyote ya kuzuia haja ndogo au kubwa, au ganzi sehemu za siri?

Mgonjwa: hapana hiyo hamna

Mapokezi: Sawa. Kesho nina nafasi saa 4 asubuhi au saa 11 jioni, ipi itakufaa?

Angalia mambo matatu hapo. Katoa pole kabla ya kutoa bei, na pole kwetu sio pambo, mtu asipopewa pole anaumia mara ya pili. Kauliza swali la kitaalamu ambalo linamfanya mgonjwa ajue hawa wanajua kazi, na kama jibu lingekuwa ndio, Rehema anatakiwa amwambie aende hospitali kubwa muda huohuo, asimpe miadi. Alafu hakusema "karibu muda wowote", kampa nafasi mbili za kuchagua. "Muda wowote" kwa Kiswahili cha mjini maana yake haendi.

Baada ya hapo tuma ramani, tuma picha ya geti, tuma maelezo ya kituo cha daladala anachoshukia na boda iwe kama shilingi ngapi kutoka pale. Jioni kabla ya miadi mkumbushe. Asubuhi asipotokea mpigie, usimgombeze, muulize tu kama anahitaji siku nyingine.

Kitu kingine ambacho hakigharimu hata shilingi: mwambie avae nini. Wanawake wengi, hasa mama zetu wa Kiislamu, hawaji kwa sababu hawajui wataambiwa wavue nini na nani atakuwepo chumbani. Waandikie kabla hawajauliza: "Vaa suruali laini au dera lenye nafasi, hutovuliwa nguo, na ukitaka kuja na mume, dada au mtoto wako ruksa kuingia nae ndani." Kama dokta ni mwanaume awepo dada mhudumu chumbani, pazia liwepo, na kabla ya kugusa popote aseme anagusa wapi na kwa nini. Nimeona klinik ikianza kutuma hiyo sentensi moja tu na akina mama wakaanza kuja na mashoga zao. Na Ramadhani badilisha masaa, Ijumaa mchana usimpangie mtu.

Wagonjwa wa Unguja wanaovuka na boti kuja kutibiwa Dar nao wapangie saa za katikati ya siku ili wawahi boti ya kurudi. Mtu akirudi kwao siku hiyohiyo bila kulala gesti anawaambia wenzake inawezekana.

HATUA YA 4: Ramani ya Google

Haraka haraka. Fungua akaunti ya biashara ya Google, ni bure. Pini iwe kwenye geti lenyewe sio barabara ya nyuma. Masaa yawe ya kweli hadi sikukuu. Picha za nje ziwe nyingi kuliko za ndani, kwa sababu mtu anatafuta geti hatafuti kitanda. Maelezo uandike Kiswahili na Kingereza, na uweke alama watu wanazozijua, karibu na sheli gani, mkabala na shule gani. Namba iwe ileile inayopokelewa. Basi, wala usimlipe mtu laki tano akufanyie hiki kitu.

HATUA YA 5: Siku ya kwanza ya mgonjwa

Wengi hawaiiti hii matangazo, ila kwangu ndo tangazo kubwa kuliko yote, kwa sababu mgonjwa akitoka hapo anaenda kusimulia, iwe mazuri iwe mabaya, kwenye grupu la familia lenye watu sitini.

Kwanza sikiliza bila kumkatisha. Hospitali nyingi mtu kakaa foleni toka alfajiri kaonwa kwa dakika chache. Wewe ukimpa nusu saa ya kumsikiliza tayari umempa kitu hajawahi kukipata.

Pili tafuta sababu za KUTOMTIBU. Ndio, umesoma vizuri. Maumivu ya mgongo yakiambatana na homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, hapo kwetu lazima uwaze TB ya uti wa mgongo, ipo, na pingili iliyoliwa na TB ukiibinya mtu anaweza kupooza mikononi mwako. Aliyewahi kuwa na saratani, aliyeanguka kutoka juu au kwenye boda, mzee mwenye mifupa myepesi, mwenye miguu inayolegea siku hadi siku, asiyeweza kuzuia mkojo, wote hao ni barua ya hospitali sio kitanda chako. Na shingo: kuna hatari ndogo, inatokea mara chache sana lakini ipo, ya mshipa wa damu wa shingo kuchanika na kuleta kiharusi, mgonjwa aelezwe kabla na akubali mwenyewe, akisema shingo yangu usiiguse heshimu tumia njia nyingine.

Unaweza kuona kama unafukuza hela. Sivyo inavyokuwa. Mtu uliyemwambia "mzee hii mimi siigusi, nenda MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na barua hii hapa" hakusahau. Akipona huko, au hata asipopona, watoto wake wanakuwa wagonjwa wako, kwa sababu mjini hapa mtu anaekataa hela yako ni mtu wa kuaminika.

Tatu, mueleze kinachomuuma kwa maneno ya kawaida na usimtishe. Usimuonyeshe eksirei ukamwambia mgongo wako umepinda umechakaa, ni wa mtu wa miaka themanini. Watu wazima kibao wasioumwa chochote picha zao zinaonyesha diski, vile vitakio vya kati ya pingili, zimechoka. Mtu akishatiwa hofu anatembea kama ameshikilia yai, na maumivu yanaongezeka.

Nne, hili la kuuza pakeji. Kuna mtindo umetoka Marekani, mgonjwa anaingia mara ya kwanza anatoka amesaini kulipia mara ishirini na nne kabla hata hajajua kama inamsaidia. Kwa Dar mimi nakataa kabisa. Mpe mpango mfupi: "tuonane mara nne ndani ya wiki mbili au tatu, kama hakuna nafuu yoyote nakuandikia uende kwa mwingine." Kimahesabu unaona umepoteza, ila yule wa pakeji akiona haipungui na hela ilishaliwa anakutangaza mtaa mzima, na huwezi kumlipia afute alichokisema kwenye harusi.

HATUA YA 6: Urafiki na madaktari

Madaktari wengi wa hospitali wanakuogopa na wana sababu, wameshapokea watu walioharibiwa na wakandaji. Usiende kujitetea kwa mdomo. Kila mgonjwa aliyetoka kwa daktari fulani, mwandikie yule daktari barua ya ukurasa mmoja, kwa ruhusa ya mgonjwa: nilichokiona, nilichofanya, anavyoendelea, lini namrudisha kwako. Ukurasa mmoja, hakuna maneno ya ajabu ajabu ya pingili zilizohama zinazoziba nguvu za mwili. Barua kama hizo zikirudi kwake mara kadhaa anaanza kuandika jina lako yeye mwenyewe.

Na kuna kitu mkononi cha kumuonyesha. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya chini ya mgongo kwa watu wazima, na tiba ya kunyoosha mgongo kwa mikono imo kati ya zinazopendekezwa, pamoja na elimu, mazoezi na masaji. Mwongozo huohuo unasema mikanda ya kiuno na mashine za kuvuta mgongo zisitumike kama kawaida, kwa hiyo kama unauza mikanda hapo mapokezi, ehee, ongea na nafsi yako. WHO pia wanahesabu watu milioni 619 walioishi na maumivu ya chini ya mgongo mwaka 2020, wagonjwa wapo dokta, huna haja ya kugombana na mtu.

Watu wa fiziotherapia msiwafanye maadui. Wengi wana wagonjwa kupita uwezo wao, na wewe una wagonjwa wanaohitaji mazoezi ya miezi baada ya maumivu kupungua. Pelekeaneni.

HATUA YA 7: Nenda waliko, kafundishe

Hapa ndo pananifurahisha. Chagua kundi moja kwa mwezi, sio yote. Klabu za joging za Jumamosi na Jumapili asubuhi. Vikoba vya akina mama. Ofisi ambazo watu wanakaa na laptop siku nzima. Mafundi cherehani wa Kariakoo na wapagazi wao. Madereva wa malori wanaopiga Dar hadi Tunduma na kuendelea mpaka Lubumbashi, hawa jamaa viuno vyao vimeisha na muda wa hospitali hawana, ongea na kampuni au chama chao akifika Dar kabla hajapakia tena.

Dakika ishirini zinatosha. Usitibu mtu hadharani, hata wakikuomba, kwa sababu hujachukua historia yake na huyo ndo anaweza kuwa na ile TB. Fundisha kitu wanachokitumia leo: namna ya kuinua gunia au ndoo ikiwa karibu na mwili, namna ya kurekebisha kiti cha lori na kushuka kila baada ya masaa kadhaa unyooke, namna fundi anavyoweka kiti chake kuendana na urefu wa meza. Mpe mmoja aje mbele ajaribu, watu wacheke, wengine nao watataka kujaribu. Mwisho wataje dalili za hatari, waachie namba, ondoka. Usitangaze ofa ya leo leo tu, unafanana na wale wa kwenye basi la mkoani wanaouza dawa ya minyoo na meno kwa pamoja.

HATUA YA 8: Video na mitandao

Sasa ndo tumefika. Najua unataka ile video ya shingo inaalika KO! na mtu anapiga ukelele. Zinapata watazamaji kweli, ila uliza hao watazamaji wanaishi wapi, wengi wako nchi za mbali wanapenda mlio tu. Na kwa mtu wa Temeke anaeumwa ule mlio unamtisha, anasema huyu atanivunja.

Ule mlio wenyewe usiuuze kama mfupa uliorudi mahali pake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada walichukua picha za MRI wakati vidole vinaalishwa, wakaona ni nafasi ya gesi inayojitengeneza ndani ya maji ya ungio pale linapoachana. Hiyo tu. Video ya kueleza hicho kwa Kiswahili, sekunde arobaini, itakupa heshima kuliko kelele mia.

Video zinazoleta watu kwa uzoefu wangu ni za kawaida mno: dokta amekaa anajibu swali moja. "Kwa nini kiuno kinauma zaidi asubuhi?" "Mto wa kulalia uweje?" "Mjamzito anaweza kuja?" Simu ya kawaida, mwanga wa dirishani, Kiswahili cha mtaani. Weka na status ya WhatsApp maana mama mkwe hayupo TikTok.

Wagonjwa kwenye video ni suala lingine. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na kuna Tume kabisa inayoisimamia, taarifa za afya sio za kuchezea. Ruhusa iwe ya maandishi, aelezwe itawekwa wapi, awe na haki ya kusema itoe, na usimuombe akiwa amelala kwenye kitanda anaumwa, hapo hawezi kukataa. Muombe akishapona.

Na chunga madai. Uingereza mwaka 2008 chama cha makairoprakta, British Chiropractic Association, kilimshtaki mwandishi Simon Singh kwa sababu aliandika kwenye gazeti kwamba chama kinatangaza tiba za watoto, pumu, maambukizi ya masikio na kadhalika, bila ushahidi. Kesi ilivyovuma watu wakaanza kupekua tovuti za makairoprakta moja moja na kupeleka malalamiko kwa mamia, chama kingine kikawaambia wanachama wake washushe tovuti zao kabisa, na Aprili 2010 kesi yenyewe ikaondolewa. Waliojeruhiwa ni makairoprakta wenyewe. Kwa hiyo natibu presha, natibu sukari, natibu ugumba, futa leo. Mgongo, kiuno, shingo, kichwa kinachotokana na shingo, panakutosha na chenji inabaki.

Redio nayo usiisahau. B.J. Palmer, mtoto wa yule Palmer wa 1895, alinunua kituo cha redio cha WOC Davenport mwaka 1922, na mwaka 1932 kituo hicho kikamuajiri kijana mmoja mtangazaji aitwae Ronald Reagan, ndio huyohuyo aliyekuja kuwa rais. We huna haja ya kununua kituo. Omba kipindi cha afya cha asubuhi cha redio ya karibu, uwe mgeni, ujibu simu za wasikilizaji. Kila jibu liishie na ushauri sio na namba yako, namba mtangazaji ataisema.

HATUA YA 9: Waliopona waongee

Siku mbili baada ya matibabu ya kwanza dokta mwenyewe atume sauti ya WhatsApp, sekunde kumi na tano, "shikamoo mama, kiuno kinaendeleaje, yale mazoezi yanawezekana?" Usiunganishe na ofa. Hakuna hospitali inayofanya hivyo na mama ataichezesha ile sauti kwa nyumba nzima.

Anaekwambia amepata nafuu ndo unamuomba: kama una dakika tuandikie Google ulivyoona, liwe zuri au baya. Mtumie linki. Maoni ya kununua usinunue, yanajulikana, yote yameandikwa "huduma nzuri sana nimependa" siku moja na watu wasio na picha. Likija baya jibu kwa upole na ufupi, bila kutaja ugonjwa wake hadharani, muombe mpigiane.

Kadi mbili mpe mkononi sio moja. Moja anabaki nayo, nyingine anajua mwenyewe ya nani.

HATUA YA 10: Daftari

Kila mgonjwa mpya aulizwe "nani alikuelekeza kwetu?" na dada aandike hapohapo: jina la aliyemtuma, au Google, au redio, au bango, au duka la dawa la nani. Sio kwenye kompyuta ambayo password anajua bosi, daftari la kaunta buku mbili linatosha. Aliyeleta mtu mpigie umshukuru siku hiyohiyo, simu tu, usimpe asilimia.

Mwisho wa mwezi wa tatu kaeni chini na daftari. Utakuta sehemu mbili au tatu ndo zinaleta karibu wote na zilizobaki zinakula hela tu. Zile za kulipia Instagram ambazo hazina hata jina moja kwenye daftari zizime jioni hiyo, na hela yake mpe Rehema aongezewe masaa ya kupokea simu mpaka saa mbili usiku.